Mzula wa Mkwe

Naandika nikiwa nimevaa masweta mawili, juu ya masweta blanketi, na juu ya blanketi kinyongo.

Ni Julai na tupo Mbinga. Mtu asiyewahi kufika huku, ukimwambia "kusini mwa Tanzania", anawaza minazi na jasho. Kila mwaka nawaona wageni wa kutoka Dar es Salaam wakishuka kwenye basi na fulana za mikono mifupi, wanatoa moshi mdomoni kama waliomeza sigara, na swali lao la kwanza si nyumba ya wageni iko wapi. Wanauliza masweta yanauzwa wapi. Milima ya Umatengo inakaribia mita 2,000, na asubuhi ya Julai itakuhesabia kila mita. Kahawa nayo huiva wakati huu huu, haina huruma. Unachuma vidole vimekufa ganzi, hujui umeshika tunda au umeshika kidole chako mwenyewe.

Ndiyo maana nafuma. Mwalimu mstaafu, mwanaume, miaka sitini na sita, nafuma masweta na mizula. Nimeshasema, sasa anayetaka kucheka acheke mapema ili tuendelee.

Nilianza miaka kumi na minne iliyopita, nilipovunjika mguu. Nilianguka kwenye bodaboda, tena nikiwa abiria, kwa hiyo hata ile sifa ya kusema "nilikuwa naikata kona" sikuipata. Wiki sita kitandani. Kijana wa kitanda cha pili alikuwa anauguzwa na mama yake, mwanamke wa makamo ambaye alifuma kuanzia chai ya asubuhi mpaka taa zinazimwa. Sindano zake zilikuwa spoku mbili za baiskeli alizozinoa kwenye jiwe. Siku ya nne, nikiwa nimeshahesabu mabati yote ya dari mara mia, nikamwambia, "Mama, hebu nipe na mimi." Alinitazama usoni, akatazama mguu, akanihurumia. Mpaka natoka nilikuwa nimefuma kitu chenye urefu wa mkono mmoja ambacho sisi wawili hatukukubaliana ni nini. Yeye alisema ni skafu. Mimi nilidhani ni soksi.

Mama watoto aliniona nashuka kwenye gari na magongo mawili na spoku mbili, akasema, "Mwalimu, umevunjika mguu tu au na kichwa?"

Hoja yake ni kwamba kufuma ni kazi ya wanawake. Nikaenda kutafuta ushahidi, maana ualimu haukutoki hata ukistaafu. Kule Peru, ndani ya Ziwa Titicaca, kuna kisiwa kinaitwa Taquile. Huko wanaofuma kofia ni wanaume. Wavulana wanafundishwa wakiwa wadogo, na kofia yenyewe inaonyesha nani ameoa na nani bado anatafuta. UNESCO waliutangaza ufumaji wa kisiwa hicho kuwa urithi wa dunia nzima mwaka 2005. Nilimsomea mama watoto habari hiyo yote, kwa sauti, nikiwa nimesimama. Akaendelea kuchambua maharage. Mwisho akasema, "Na sisi tuna ziwa hapo chini. Hamia kisiwani."

Tena ana ulimi huyu mwanamke. Wenyeji wa Umatengo mnajua ngolo, yale mashimo ya kwenye miteremko: mwanaume anafyeka majani na kuyapanga kwa mistari inayokatana, mwanamke anachimba udongo na kufukia majani, yanabaki mashimo katikati ya matuta. Mvua ikinyesha, maji yanatulia shimoni, udongo hauteremki bondeni. Babu zetu waliifanya kazi hiyo muda mrefu kabla wataalamu hawajaja na madaftari yao kuishangaa. Ukisimama ng'ambo ya bonde mwezi wa Machi, mlima mzima unaonekana umevishwa sweta lililofumwa kwa mkono, tundu kwa tundu, limekaa sawasawa mabegani. Niliwahi kulisema hilo mbele ya familia, nikaona nimesema jambo zuri. Kosa. Tangu siku hiyo, kila kitanzi kinachoniponyoka na kuacha tundu, nyumba nzima inasema, "Babu ametia ngolo." Mjukuu wangu wa darasa la tatu alivaa sweta langu, akaingiza kidole kwenye tundu la kifuani, akaniuliza hapa tunapanda maharage au mahindi.

Hawajui hesabu yake. Mzula mmoja wa mtu mzima kwa uzi ninaotumia ni vitanzi 100 kwa mzunguko, na mizunguko 60. Hivyo ni vitanzi 6,000, na kila kimoja nimekipitisha kwa mkono wangu huu wenye chaki iliyogoma kutoka kwenye kucha. Sweta la mtu mzima linakula madonge kumi na mawili ya gramu 50, na tumbo la shemeji yangu likiingia katika hesabu unaongeza mawili. Halafu ukikosea mzunguko wa 20 na ukagundua ukiwa wa 50, hakuna kufuta kwa kifutio. Unafumua. Lugha yetu ilijua mapema: kufuma na kufumua ni kazi moja, tofauti ni nani analia.

Na uzi wenyewe! Ukiuliza dukani kama ni sufu, muuzaji anakuapia kwa marehemu wote wa ukoo. Unafika nyumbani, unachoma ncha yake kwa kiberiti, unasikia harufu ya ndoo ya plastiki inayoungua. Lakini tufanyeje? Kondoo wetu wa huku ni wa nyama, manyoya yake hata yeye mwenyewe yanamkera.

Watoto wa shule ndio wasumbufu zaidi. Wanataka sweta la shule "la mashine", lenye shingo ya herufi V iliyonyooka kama rula. Mwaka 1589 Mwingereza mmoja, William Lee, alibuni mashine ya kufuma soksi, na inasimuliwa kwamba Malkia Elizabeth wa Kwanza alikataa kumpa hati kwa kuhofia wafumaji wa mkono watageuka ombaomba. Malkia yule alikuwa mtu wa maana. Mimi hapa Mbinga sina wa kunitetea. Nilimfumia mjukuu sweta la shule la bluu. Kwa bahati mbaya bluu yangu ilikuwa imeelekea kidogo kwenye zambarau. Alilivaa siku moja. Ya pili akasema amelisahau shuleni. Ya tatu nikaliona limevalishwa sanamu ya kufukuzia ndege shambani kwa jirani. Nikiri tu, mikono ilimkaa vizuri.

Sasa niwaambie la Jumamosi moja.

Mama watoto alirudi kutoka mnadani na sweta la mtumba, la kahawia, zito, lenye michoro ya mafundo kifuani kama kamba zilizosukwa. Akalitandaza mezani. "Tazama, Mwalimu. Hivi ndivyo watu wanavyofuma." Watoto wakalishika, wakalinusa, wakasema hili ni sufu halisi, limetoka Ulaya. Hata shemeji, ambaye langu alilikataa kwa madai kwamba linamwasha, alilishika akasema laini.

Mimi nikaligeuza shingo. Mtumba siku zote nausoma shingoni kwanza. Nikakuta kitambaa kidogo kimeshonwa kwa uzi mwekundu, na maandishi ya Kiingereza ambayo maana yake ni: limefumwa kwa mkono na bibi.

Nikakaa kimya. Mahali fulani huko kwenye theluji kuna bibi wa watu. Amefuma majira mazima, macho yanauma, amehesabu kamba zile za kifuani bila kukosea hata moja. Mjukuu akasema asante sana bibi, akalitia kabatini. Kabati likajaa, likaenda kwenye mfuko wa sadaka, likapanda meli, likashuka Dar es Salaam ndani ya robota, likapakiwa lori mpaka Songea, likapakiwa jingine mpaka Mbinga, mama watoto akalinunua kwa bei ya donge langu moja na nusu la uzi. Na bibi yule, kama bado yu hai, leo jioni anawaambia majirani kwamba mjukuu wake hasikii baridi.

Watoto walianza kugombania. Nikawaambia hapana, hili la kwangu. Ndilo moja kati ya haya mawili niliyovaa. Jingine nimefuma mimi, na ninyi mnajua kwa nini nalivaa kwa ndani.

Nikaona basi, kama nyumbani hawanithamini, nitafuma kwa ajili ya wa mbali. Binti yangu wa pili ameolewa Mbamba Bay. Ni kilomita 66 tu kutoka hapa, siku hizi lami tupu, lakini ni kilomita 66 za kuvua nguo. Unapanda basi Mbinga na koti, sweta na mzula. Mlima unaanza kuteremka, mzula unaingia mfukoni. Katikati ya safari koti liko mapajani. Ziwa linapojitokeza kule chini, bluu kama limemwagwa, abiria wa kutoka milimani wamebaki na fulana na aibu. Serikali ilipoimega Wilaya ya Nyasa kutoka Mbinga mwaka 2012 walisema ni kusogeza huduma. Mimi nilielewa zaidi ya hapo: mtu wa sweta na mtu wa kaptura hawawezi kuzungumzia bajeti moja.

Nilimfumia mkwe mzula. Tatizo la kwanza lilikuwa kipimo. Jamani, nani kati yenu amewahi kumshika mkwewe kichwa? Mkwe unamsalimia kwa mbali, unamwangalia viatu, unamwuliza habari za kazi, mambo yameisha. Siwezi kumwita sebuleni nikamzungushia uzi utosini kama namnyonga. Nikampigia binti, "Mpime akilala." Binti akampima kwa shibiri, akanitumia ujumbe: shibiri tatu na vidole vinne. Vidole vya nani? Akasema vyake. Basi nikatafuta kitu cha shibiri tatu za binti na vidole vinne, nikapata sufuria yetu ya maharage, nikafumia juu yake. Rangi ya kijani, mstari wa kahawia. Upande wa sikio la kushoto kitanzi kimoja kiliniponyoka, ngolo ikatokea, lakini nilikuwa nimeshafika mzunguko wa 58 na sikuwa na moyo wa kufumua.

Nilimpelekea Pasaka. Mkwe aliupokea kwa mikono miwili, akainama, akasema, "Asante sana, baba." Alikuwa anatiririka jasho. Akauvaa palepale kwa heshima, akakaa nao dakika nzima. Nikakumbuka kitu nilichowahi kuwafundisha wanafunzi: Waingereza walilitoa jina la sweta kwenye neno lao la jasho, maana mwanzo lilikuwa vazi la wanamichezo kuvaa makusudi ili watoke jasho. Nikasema moyoni, basi hapa Mbamba Bay kazi zangu zimefika zinakohitajika.

Binti naye nilimfumia wake. Kesho yake asubuhi nilimkuta anatoka kuchota maji, ameukunja mara mbili, ameuweka utosini kama kata, juu yake ndoo ya lita ishirini. "Baba, hii kata haijawahi kutokea," akaniambia. "Kichwa hakiumi kabisa." Sijui kama nilisifiwa.

Na mjukuu wa huko, aliyezaliwa Novemba, mwezi ambao ziwani hata mbuzi wanatafuta kivuli cha mbuzi mwenzao. Nilimfanyia seti kamili: mzula, soksi, kikoti. Huko tusigombane, kila mtoto wa Kitanzania huanza maisha amevaa kama anahamia Siberia, na akina mama hawakunilaumu hata kidogo. Aliyenipinga ni muuguzi. Nikamweleza kwamba mimi pia nasoma. Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, madaktari walianza ile njia ya kangaruu, mtoto njiti anawekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, na nguo zake ni nepi, soksi na kofia. Kofia, nikasisitiza, kwa kuwa mtoto mchanga anapoteza joto jingi kichwani. Muuguzi akasikiliza mpaka mwisho, ana adabu yule dada. Kisha akasema, "Ni kweli, mzee. Lakini huyu wako ana kilo nne na nusu."

Mei ukaja mzigo kutoka Mbamba Bay, kwa mkono wa kondakta wa basi: visado viwili vya usipa mkavu, umekaukia mchangani vizuri, hauna hata punje ya mchanga ndani, sijui waliupepeta vipi. Umetoka kwa mkwe. Usipa ule tuliula wiki mbili, wa kukaanga, wa nyanya, wa karanga. Nilimsifu kijana yule kwenye jumuiya mpaka majirani wenye wakwe wakavu wakanuna. Nilimpigia simu nikamwambia sijala samaki mtamu kama huyu tangu nimestaafu. Akajibu, "Kawaida tu, baba." Nikasema yaani unyenyekevu, unyenyekevu wa huyu mtoto.

Wiki iliyopita nikashuka tena ziwani na mama watoto. Julai upepo wa kusini unavuma, ziwa linachafuka, na usiku hata kule chini kunakuwa na ubaridi wa kusingiziwa. Alfajiri nikatoka kutembea ufukweni. Mitumbwi ya usipa ilikuwa inarudi, taa zimezimwa, vijana wanashusha ndoo, midomo inatetemeka. Mmoja akapita mbele yangu na ndoo begani. Kichwani ana mzula. Wa kijani, mstari wa kahawia. Na juu ya sikio la kushoto, ngolo.

Mtu anaweza kusahau kazi yake nzuri. Kosa lake halisahau.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, huo mzula umeupata wapi?"

"Nilibadilishana na kaka mmoja pale juu, karibu na stendi. Nilimpa visado viwili vya usipa. Alisema anataka kumtumia baba mkwe wake Mbinga."

Nilisimama pale mawimbi yananilowesha viatu. Wa kukaanga. Wa nyanya. Wa karanga. Wiki mbili nzima nilikuwa nakula vitanzi vyangu 6,000 na kulamba vidole.

Nikamwambia auvue nimzibie lile tundu. Akaushika kwa mikono miwili, ndoo ikabaki begani kwa kudra za Mungu. "Hapana, mzee, nimeununua."

"Najua. Mimi ndiye niliyeufuma."

Akanitazama mikono, akatazama masweta yangu mawili. Hakucheka. Akasema, "Sasa mzee, mbona masikio hukuyafikisha? Saa nane za usiku, tukiwa kule ndani tumewasha taa, upepo unaingia hapa na hapa."

Miaka kumi na minne. Mke, watoto, wajukuu, mashemeji. Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu masikio.

Akaita wenzake. Wanne. Wakasema kila mmoja, pamoja na yeye, anataka wake, unaofika mpaka chini ya sikio, kwa kisado kimoja kichwa kimoja. Vichwa vyao nilivipima mwenyewe, kwa uzi, mara mbili mbili, nikivigeuza nitakavyo, maana hakuna hata mmoja aliye mkwe wangu. Mama watoto alikuja akanikuta nimemshika kijana wa watu utosini, akauliza kuna nini. Nikamwambia kuna wateja.

Sasa nipo hapa nahesabu. Wawili ni Yanga, kwa hiyo kijani na njano, hiyo ninayo. Watatu ni Simba, na donge jekundu nimelitafuta Mbinga nzima. Lililopo linaelekea kwenye waridi, na mtu wa Simba ukimvalisha waridi anaweza kukutosa ziwani. Vidole vinauma. Nimekosea mzunguko wa 31 na nimefumua bila kunung'unika, au nimenung'unika kidogo tu.

Mkwe sikumwambia neno. Mkwe haambiwi. Lakini habari ufukweni hazina breki, maana jana usiku alipiga simu, akasalimia muda mrefu, akauliza hali ya kahawa, akakohoa. Mwisho akasema huko ziwani siku hizi usiku kuna baridi kweli, baba, sijui kama na yeye anaweza kupata mzula mwingine.

Nikamwambia mzula ni kisado kimoja. Kwa ndugu, vitatu.